Umesimama Wapi Unaponiambia Kushoto

Kebo ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Jinja, Uganda, ilitoka angani, kwa dishi lililofungwa juu ya bati, na kushusha faili la megabaiti hamsini ulikuwa uamuzi wa mwenye mkahawa, si wa fundi. Ndiyo maana sisi tuliokuwa tunapiga Windows mjini tulijitengenezea diski zetu. Unachukua diski ya Windows XP, unapachika ndani yake draiva za kadi ya mtandao na ya sauti, kizuia virusi, kisomea PDF na programu ya kuandikia barua, kisha unaichoma upya. Nia ni fundi aweke diski, abonyeze kitufe, aende zake kunywa chai, na akirudi akute kompyuta imejimaliza yenyewe.

Haraka nayo ilikuwa lazima. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, umeme ukawa wa zamu, na Jinja, mji ambao bwawa lake limekuwa likizalisha umeme wa nchi tangu 1954, ukangoja zamu yake gizani kama mji mwingine wowote. Usakinishaji uliokatikia katikati mara nyingi ulianzwa upya, na mteja hakutaka kusikia habari za ziwa.

Moyo wa diski hizo ulikuwa mafaili madogo ya maandishi ambayo mteja hakuyaona kamwe. Kulikuwa na winnt.sif, yenye majibu ya maswali yote ambayo Windows ingeuliza njiani, na kulikuwa na skripti moja au mbili za kuita programu nyingine baada ya Windows kukaa. Humo ndimo ilimokuwa imejificha shida yenyewe. Mwenzetu mmoja aliandika mistari yake hivi:

D:\Programu\pdf.exe

Kwenye kompyuta yake kitundu cha CD kilikuwa D, na kila alipoijaribu diski, mambo yalikwenda sawa. Akaipeleka kwenye mkahawa uliokuwa na mashine za mitumba kutoka Ulaya, baadhi yake zikiwa na diski kuu iliyogawanywa sehemu mbili. Kwenye hizo, D ilikuwa sehemu ya pili ya diski kuu, CD ikawa E. Windows ilikaa vizuri, picha ya vilima vya kijani ikatokea, dirisha jeusi likamweka na kutoweka, lakini hakuna programu hata moja iliyoingia. Mwenzetu akasema diski ina mkwaruzo, akachoma nyingine. Ya pili nayo ikafanya vilevile, kwenye mashine zilezile.

Duka letu lilikuwa Main Street, katika moja ya yale majengo ya zamani ya Wahindi yenye baraza mbele na mwaka wa kujengwa umechongwa juu kwenye paji la ukuta. Mkubwa wetu alikuwa fundi wa redio aliyeingia kwenye kompyuta uzeeni, mtu wa maneno machache. Mwenzetu huyo alimlalamikia: "Mzee, diski ileile ilikubali jana." Mzee akajibu bila kuinua macho kwenye bisibisi yake: "Jana ilikuwa kwenye mashine yako, mwanangu." Kisha akatoka naye barazani, akamwambia, mtu akikuuliza duka la vitambaa ukamjibu 'la tatu kushoto', umemsaidia ikiwa anatazama mtoni. Akiwa anatazama upande wa pili, umempoteza, na wewe utaapa kwamba ulimwambia kweli.

Nimeusoma mjadala wa njia kamili na njia tegemezi mahali pengi tangu wakati huo, na mara nyingi watu hubishana ipi ni bora. Njia kamili huanza na herufi ya diski na kushuka folda kwa folda hadi kwenye faili: C:\Windows\Setup\Scripts. Njia tegemezi haitaji mwanzo. Inasema tu Programu\pdf.exe, au ..\Draiva, ikimaanisha panda folda moja juu kisha ingia Draiva. Wanaosifu njia tegemezi husema inahama popote, na wanaosifu njia kamili husema haina utata. Mzee alikuwa na swali jingine, nami nalishikilia mpaka leo: atakayeusoma mstari huu ni nani, na wakati huo atakuwa amesimama wapi?

Kwa ile diski ya mkahawa, jibu lilikuwa kuacha kujifanya tunaijua herufi. Diski halisi ya Windows XP ina faili dogo kwenye kizingiti chake linaloitwa WIN51, lililowekwa hapo kama alama ya kuitambulisha. Basi skripti ikaandikwa ipite D, E, F na kuendelea, igonge kila mlango na kuuliza kama WIN51 yuko ndani. Anapopatikana, herufi hiyo inahifadhiwa kwa jina, na amri zote zinazofuata zinaanzia hapo. Diski hiyo ilizunguka Jinja, Iganga na Bugiri, na sikusikia tena habari za mkwaruzo.

Herufi zenyewe ni urithi wa zamani. Zilitoka kwenye CP/M ya Gary Kildall, ya miaka ya 1970, zikaingia MS-DOS. A na B zilikuwa za disketi, diski kuu ilipokuja ikapewa C. Folda zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, na mkwaju tunaoutumia kuzitenganisha umelala kinyumenyume kwa sababu mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshapewa kazi nyingine, ya kutanguliza swichi za amri. Vijana wengi wa leo hawajawahi kugusa disketi, lakini wanaamini C kama wanavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki.

C si amri ya mbinguni. Zilikuja mashine za mezani zenye kisoma kadi cha kumbukumbu usoni, kile chenye matundu manne ya kadi za kamera. Ukipiga XP kwenye diski kuu isiyo na kitu, huku kisoma kadi kimechomekwa, yale matundu manne matupu yaliweza kuwahi C, D, E na F, na Windows ikaenda kukaa G. Ikishakaa huko haihami. Kompyuta inafanya kazi vizuri mpaka siku mtu analeta programu ya hesabu za duka ambayo mtungaji wake aliandika C:\ kila mahali. Skrini inamwambia mhasibu aingize diski kwenye C. Anatazama mashine mbele na nyuma, haoni pa kuingiza chochote isipokuwa kadi ya kamera. Dawa kabla ya maradhi ni kuchomoa waya wa kisoma kadi kabla ya kuanza. Baada ya maradhi, dawa ni kupiga upya. Lakini skripti zilizoandikwa %SystemDrive% badala ya C: zilifanya kazi kwenye mashine hizo kama hakuna kilichotokea, kwa kuwa neno hilo ni swali: Windows, wewe mwenyewe unakaa wapi?

Hali ilikuwa hiyohiyo kwa mashine zilizotoka Ujerumani na XP yao ya Kijerumani, ambazo mwenye nazo hakutaka zifutwe kwa sababu leseni ilikuwa halali na stika iko ubavuni. Folda ya programu huko huitwa C:\Programme. Skripti yenye "C:\Program Files" haikukataa. Iliumba folda mpya kando ya ile ya zamani na kumwaga vitu humo. %ProgramFiles% ingeijua yenyewe.

Ukiacha mahali, kuna wakati. Hili lilinichukua muda kulielewa, na bado naliona kuwa ndilo gumu zaidi kumfundisha mtu. Windows inayosakinishwa haiko mahali pamoja kwa muda wote. Kwenye XP, amri zilizoandikwa katika cmdlines.txt huendeshwa karibu na mwisho wa usakinishaji, zikiwa zimesimama ndani ya folda ya $OEM$ yenyewe, ile ambamo fundi huweka nyongeza zake, kwa hiyo hapo njia tegemezi inafaa kabisa: jirani yako yuko kando yako. Amri zilizoandikwa katika GuiRunOnce zinangoja mpaka mtu aingie kwa mara ya kwanza. Kufikia hapo folda hiyo, ya muda tu, imeshasafishwa, na kinachobaki ni kile tu kilichotumwa kukaa kwenye diski kuu kupitia folda ya $1. Fundi anayenakili mstari kutoka sehemu ya kwanza na kuubandika kwenye ya pili, bila kubadilisha hata herufi, amepeleka barua kwenye nyumba iliyovunjwa.

Nilihamia Mbale baadaye, kwa barabara ya Tirinyi: Iganga, Nakalama, Namutumba, vinamasi vya Mpologoma vyenye mafunjo, kisha ukuta wa Wanale unainuka mbele ya basi. Mbale kuna shule nyingi, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na kuna Kiswahili kingi sokoni kuliko mtu wa Kampala anavyodhani. Maabara za kompyuta za shule zilikuwa zinaongezeka, nyingine kwa fedha za mfuko wa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na kazi ikawa Windows 7 kwenye flashi badala ya XP kwenye CD. Wengi walidhani matatizo ya zamani yamekwisha. Kwa kweli yalikuwa yamevaa nguo mpya.

Shule moja ilikuwa na mashine zilizopigwa Windows tayari, lakini nywila ya msimamizi ilikuwa imeondoka pamoja na mwalimu aliyehamishwa. Ustadhi aliyeachiwa maabara alitaka jambo moja tu: folda ya masomo na vitabu, gigabaiti chache, iwekwe kwenye kila kompyuta kabla ya muhula kuanza. Kijana wetu wa Jinja alimtumia flashi yenye kisakinishi cha Windows 7, folda iitwayo Masomo, na skripti weka.cmd yenye mstari mmoja:

xcopy Masomo C:\Masomo /E /I

Maelekezo yalikuwa mepesi. Washa mashine kwa flashi, kisakinishi kikitokea usikiendeshe, bonyeza Shift na F10, dirisha jeusi litafunguka, andika weka. Nilikuta Ustadhi ameketi mbele ya mashine ya kwanza, kofia ameiweka juu ya kibodi ya jirani.

"Ndugu fundi, hii flashi inanikana," akasema. "Naiona, ina Masomo, lakini inaniambia hayupo."

"Ustadhi, umeandika nini?"

Alikuwa ameandika F:\weka.cmd, kwa kuwa flashi ilikuwa F. Jibu la mashine lilikuwa kwamba hakuna faili liitwalo Masomo, na kwamba mafaili yaliyonakiliwa ni sifuri. Lakini ukitazama mwanzo wa mstari, kabla ya alichoandika, palikuwa pameandikwa X:\Sources>. Hapo ndipo dirisha lile lilipokuwa limesimama. Skripti ilikuwa kwenye F, lakini aliyeisoma alikuwa X, kwenye ile Windows ndogo ya muda inayoishi ndani ya kumbukumbu wakati wa usakinishaji. Kwa hiyo neno Masomo lilitafutwa chini ya X:\Sources, na ni kweli, huko hakuwepo. Kule Jinja, kijana alikuwa ameijaribu kwa kuibofya mara mbili kwenye Windows iliyokwisha kukaa, na ukibofya hivyo, Windows hukusimamisha ndani ya folda ya skripti kabla ya kuanza. Hakuona kosa kwa sababu kwake halikuwepo.

Ustadhi alikuwa mwepesi. Akaandika mstari mwenyewe, safari hii F:\Masomo badala ya Masomo. Majina ya mafaili yakaanza kuteremka kama kawaida, sote tukatulia. Ghafla yakasimama. Diski imejaa.

Ilikuwa diski ya gigabaiti 80, na karibu yote ilikuwa tupu. Ustadhi akanitazama kama mtu aliyeuziwa gunia la mahindi akakuta mchanga. Nilimwomba aandike vol C: na mashine ikajibu kwamba C inaitwa System Reserved. Hicho ni kijisehemu cha megabaiti 100 ambacho Windows 7 hujikatia mwanzoni mwa diski kuweka vitu vyake vya kuwakia. Windows kamili ikiwaka, kijisehemu hicho hakina herufi na hakuna anayekiona, na C ni ya Windows. Lakini ukiwaka kwa flashi, Windows ya muda hugawa herufi upya kwa hesabu zake: kile kidogo kinapata C, na Windows yako inakuwa D. Masomo yalikuwa yakimiminwa kwenye kibaba, tena mahali ambapo hakuna mwanafunzi angeyaona hata kama yangetosha.

Napenda kuwaonyesha vijana mstari huo kuliko mfano wowote wa kitabu, kwa sababu una njia zote mbili na zote mbili zimekufa, kila moja kwa ugonjwa wake. Ile tegemezi ilitegemea mahali pasipo pake. Ile kamili ilitaja jina ambalo siku ile lilikuwa la mtu mwingine. Kubadilisha moja iwe kama nyingine kusingesaidia kitu.

Tulichofanya kwanza ni kufuta kilichomwagika, rd /s /q C:\Masomo, maana kijisehemu kile kikiachwa kimejaa kitaleta visa vingine baadaye. Kisha weka.cmd ikaandikwa upya:

for %%d in (C D E F G) do if exist %%d:\Windows\explorer.exe set LENGO=%%d:
xcopy "%~dp0Masomo" "%LENGO%\Masomo" /E /I

Mstari wa kwanza ni binamu wa WIN51, unagonga milango mpaka umpate mwenye nyumba. X haimo kwenye orodha, kwa makusudi, maana nayo ina folda ya Windows. Ule wa pili una %~dp0, na kama kuna alama tano ambazo ningependa kila fundi wa Uganda azijue kwa moyo, ni hizo. Sifuri ni skripti yenyewe, d ni diski iliyomo, p ni folda zake. Kwa pamoja zinasema: anzia nilipo mimi, si alipo aliyeniita. Inatoka njia kamili, yenye herufi na kila kitu, lakini haikuandikwa na mtu. Imeundwa pale pale, kwenye mashine ile, dakika ile. Nukuu zile mbili zimewekwa ili jina la folda lenye nafasi ndani yake lisikatwe vipande viwili.

Dawa hiyohiyo inatibu kisa kingine kilichotusumbua tangu Vista. Ukibofya skripti kwa kitufe cha kulia na kuiendesha kama msimamizi, Windows inakusimamisha C:\Windows\System32, hata kama skripti iko kwenye flashi. Weka cd /d "%~dp0" juu kabisa, na njia tegemezi zote zilizo chini yake zinapata pa kukanyaga. Kwenye mtandao wa ofisi, ambako folda iko kwenye seva na haina herufi, cd hukataa. Hapo tumia pushd, ambayo hukukopesha herufi ya muda na kuirudisha ukisema popd.

Kuna mahali ambapo nataka njia kamili na sitaki hoja. Aikoni ya mezani ni moja. Niliitwa shule ya pili, upande wa Nkoma, ambako masomo yalifunguka vizuri siku ya ufundi na kuanzia kesho yake kila aikoni ikageuka karatasi nyeupe. Nilipotazama sifa zake, zote zilielekeza F:\. Ile F ilikuwa flashi, na flashi ilikuwa imesharudi Jinja mfukoni mwa mwenyewe, kilomita zaidi ya mia. Kitu kitakachobaki baada ya fundi kuondoka kielekezwe kwa kitu kitakachobaki nacho. Vilivyomo ndani ya flashi vitajane kwa njia tegemezi, kwa kuwa vinasafiri pamoja.

Siku hizi kijana aliyeshika duka la Jinja anaandika C: kila mahali, nami nimekwisha kumgombeza. Hoja yake lakini si dhaifu. Shule sasa zinanunua kompyuta za mpakato za aina moja, mpya, hazina CD wala kisoma kadi cha kuwahi herufi, na tangu Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 kazi yake kubwa ni kupiga 11 kwa faili moja la majibu, autounattend.xml, linalofuta diski yote na kuigawa kwa mpango uleule kwenye kila mashine. Herufi ameigawa yeye mwenyewe, kwa nini aiulize? Kwa upande wa diski kuu nilimkubalia. Kwa upande wa flashi nilimfungulia faili lake, tukatafuta E:\ ilipo, na tulizikuta nyingi. Kwenye mashine ya ofisi yetu, yenye diski ya pili, flashi ilikuwa F. Alizibadilisha zote pale pale, akaacha C.